Vipande Vitano na Rangi za Chuma

Jumamosi, tarehe 9 Machi. Mvua imenyesha alfajiri, imekatika saa moja. Mlima Kwaraa hauonekani kwa mawingu. Makaa yamelowa upande mmoja. Leo lazima nimwambie.

Ndivyo daftari langu linavyosema kwa siku ile, na sijaongeza neno. Naandika kila jioni, mistari minne au mitano, tangu nilipoacha kufua chuma mfululizo kwa sababu ya mgongo. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo msomaji asitegemee mpangilio mzuri. Nitajitahidi tu kila mtu apate haki yake, pamoja na mimi mwenyewe, ingawa hapo ndipo huwa nasita.

Aliyepaswa kuambiwa ni binti yetu. Cha kumwambia kilikuwa ndani ya kiboksi cha plastiki chenye ukubwa wa kiganja, ambacho asubuhi ile kilikuwa mezani sebuleni kwetu Maisaka, chini ya kitambaa alichokifuma mama yake.

Binti alifika Alhamisi. Alikuwa ametoka nchi ya mbali, kwenye chuo kilichompokea kwa miezi mitatu atumie mashine yao, maana chuo chake cha hapa nchini kina mashine ya kupimia lakini hakina ya kutengenezea. Alipitia nyumbani atusalimie, kisha Jumapili apande basi akapime alivyovitengeneza. Kazi yote ya shahada yake ya pili ilikuwa kwenye kiboksi kile. Alinionyesha Alhamisi hiyohiyo, jua likiwa bado juu, dirishani.

Ndani kulikuwa na vyumba vitano, na katika kila chumba kipande cha mraba kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba changu. Vinang'aa kama kioo, na kila kimoja kina rangi yake. Juu ya kila kipande, alisema, kuna utando mwembamba mno, hata ukirundika tando mia moja hazifikii unene wa unywele.

"Unafanya nini huo utando?" nilimuuliza.

"Utando huo unakumbuka, baba. Ukiusukuma kwa umeme upande mmoja, unabaki umeelekea huko hata ukizima. Mpaka uusukume tena urudi."

"Kama chuma kilichosuguliwa kwa sumaku."

"Kama hicho. Ila badala ya sumaku weka umeme."

Kuna jina lake la kitaalamu, refu, la kigeni. Alinitajia mara mbili na mara zote mbili sikulishika, kwa hiyo siliandiki. Nilichoelewa ni kwamba vitu vya aina hiyo vipo tayari viwandani, lakini vile vinavyofanya kazi vizuri zaidi vina madini ya risasi. Yeye anatafuta kutengeneza visivyo na risasi.

Hapo nilitazama uani, na naamini alijua kwa nini. Alipokuwa mdogo nilikuwa nayeyusha sahani za betri za magari kuukuu, namimina vidonge vya kuzamishia nyavu za wavuvi wa ziwani. Niliifanya kazi hiyo uani, palepale alipokuwa anacheza. Miaka mingi baadaye, akiwa kidato cha nne, alirudi likizo akaniambia risasi inaingia kwenye damu, kwa watoto zaidi. Niliacha wiki ile. Kama nilimdhuru sijui. Hajawahi kuniambia kwamba nilimdhuru, na sijawahi kumuuliza.

Alhamisi ile alinieleza pia kuhusu joto, na hapa nilisikiliza kwa masikio yangu yote, maana joto ndilo nililofanyia kazi maisha yangu. Wanachukua kidonge kilichokandwa kwa chumvi za aina fulani pamoja na madini mengine, wanakipiga kwa mwanga mkali ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, kinatoa moshi, na moshi unatua kwenye kipande kilichopashwa moto. Hivyo ndivyo utando unavyokua. Swali lake lote lilikuwa moja tu: kipande kiwe cha moto kiasi gani wakati utando unakua?

"Kikiwa cha baridi," alisema, "chembe zinatua na kuganda pale pale zilipoangukia. Zinalala ovyo, kama watu waliolala stendi. Utando kama huo haukumbuki kitu."

"Na kikiwa cha moto sana?"

"Zile chumvi zinaruka. Zinaondoka kama mvuke, zinaacha matundu. Umeme unavuja."

"Kwa hiyo ni katikati."

"Ni katikati, baba, ila katikati ipi? Ndiyo shahada yangu hiyo."

Cha kwanza alikikuza kwa nyuzi mia tano, cha pili mia tano hamsini, cha tatu mia sita, cha nne mia sita hamsini, cha tano mia saba. Namba alizibandika kwenye kifuniko, juu ya kila chumba. Juu ya vipande vyenyewe hapakuwa na alama yoyote. Nasema hili si kwa kumlaumu. Ni jinsi ilivyokuwa.

Ijumaa mchana alikwenda Singe kumsalimia shangazi yake. Mama yake alikuwa shambani akitoa magugu kwenye mbaazi. Mimi nilikuwa nimemaliza kunoa majembe mawili ya jirani, na nikataka kuvitazama vile vipande tena. Hakuna sababu nyingine. Nimejaribu kutafuta sababu iliyo bora zaidi ili niiandike hapa, sikuipata.

Nilikaa kwenye stuli karibu na dirisha, nikatandika gunia safi mapajani, nikafungua. Vidole vyangu vimeungua mara nyingi, ncha zake hazisikii vizuri. Kifuniko kiligoma, nikakaza, kikafyatuka. Vipande vinne viliruka vikaangukia kwenye gunia. Cha tano kilibaki kimenata chumbani mwake.

Vyote viliangukia mgongo, utando ukiwa juu, na hakuna kilichovunjika. Nilishukuru Mungu kwa sauti.

Kisha nikavipanga, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana asiyejua kazi ya chuma ataniona mjinga, na anayeijua ataniona mjinga zaidi.

Ukitengeneza patasi kutoka springi ya gari, unaipasha mpaka iwe nyekundu, unachovya ncha kwenye maji. Hapo inakuwa ngumu, lakini ngumu ya kuvunjika, kama sahani. Kwa hiyo unaisugua ncha haraka kwenye jiwe mpaka ing'ae, halafu unasubiri. Joto lililobaki kwenye mwili wa chuma linatembea kuelekea ncha, na linatembea na rangi. Kwanza inakuja rangi ya majani makavu. Nyuma yake kahawia, kama chai ya rangi. Halafu zambarau. Halafu buluu. Kila rangi ni joto lake. Patasi ya mbao unaizima kahawia ikifika ukingoni. Panga unaliacha lifike buluu. Mjomba wangu aliyenifundisha hakuwa na kipimajoto wala hakujua kusoma, na patasi zake bado ziko mikononi mwa mafundi wa huku mpaka leo.

Basi nilipoviona vile vipande vinne kwenye gunia, kimoja rangi ya chai, viwili zambarau, kimoja buluu, mikono yangu haikuuliza kitu. Nilichukua kipande cha karatasi ngumu, nikavitelezesha kimoja kimoja: cha chai mia tano, zambarau mia tano hamsini, zambarau mia sita, buluu mia sita hamsini. Nikafunga. Nilijisikia vizuri hata. Nilijiambia kwamba ingekuwa mtu mwingine angekuwa analia saa hizi.

Kuna jambo moja lazima niliseme, ingawa linaniuma. Nilipokuwa naishika buluu kwenye karatasi, nilikumbuka kidogo kwamba Alhamisi niliiona upande wa mwanzo, si karibu na mwisho. Nikajiambia, kumbukumbu zako mbovu, mzee. Mimi ni mtu wa kujishuku. Mke wangu husema naweza kushuku hata kama nimevaa viatu. Lakini siku ile nilishuku kitu kisichostahili kushukiwa, nikaamini kingine.

Jioni tukiwa mezani binti alikuwa mchangamfu. Shangazi yake alimpa maziwa mgando, akamcheka kwamba amekonda kama fito. Mama yake akamuuliza zile rangi nzuri za vile vioo zinatoka wapi, kama wanapaka.

"Hawapaki, mama. Umeona dizeli ikimwagika kwenye dimbwi pale stendi? Ile rangi ya dimbwi? Ni wembamba tu. Unene ukibadilika kidogo, na rangi inabadilika."

Nikauliza, kwa sauti niliyoiona ya kawaida: "Kwa hiyo rangi haisemi joto."

"Haisemi kabisa, baba. Vyangu vimetofautiana unene kwa sababu ile mashine siku nyingine mwanga wake unachoka. Rangi inasema unene."

Niliendelea kula. Mke wangu alinitazama mara moja, kisha akaongeza mboga kwenye sahani yangu. Sikusema kitu jioni ile, na sina utetezi. Niliandika tu kwenye daftari: *Amesema rangi ni unene.* Basi.

Jumamosi, baada ya chai, nilimwomba akae. Mama yake alikuwa anafua mlangoni, anasikia. Nilimweleza yote, kuanzia gunia mpaka karatasi. Nilijitahidi nisiruke kitu.

Hakupiga kelele. Alifungua kiboksi, akakitazama muda mrefu, akafunga. Kisha akaniuliza maswali moja baada ya jingine, kwa upole wa kazini, kama ninavyomuuliza mteja aliyevunja jembe alikuwa analima wapi.

"Cha tano hakikutoka?"

"Hakikutoka. Kilinata."

"Una uhakika?"

"Hicho nina uhakika."

"Vile vinne viliangukia wapi wapi? Kwa mpangilio?"

"Ovyo. Kimoja kilibiringika mpaka kwenye pindo la gunia. Sikumbuki kipi."

"Una hakika hukumbuki, au unaogopa kusema?"

"Sikumbuki, mwanangu."

Ndipo nikakumbuka daftari. Nikalileta, nikafungua siku ya Alhamisi, nikampa asome mwenyewe kwa sababu nilikuwa naogopa kusoma kwa sauti ninavyotaka iwe. Niliandika hivi: *Binti amefika salama. Amenionyesha vioo vyake. Cha kwanza kama chai ya rangi, cha pili buluu, cha tatu na cha nne zambarau, zimefanana mno, cha tano kimefifia, kijani na njano. Tumekula makande.*

Alisoma mara mbili.

"Uliandika saa ngapi?"

"Baada ya kula."

"Vipande uliviona saa kumi. Ukaandika saa mbili."

"Saa mbili, ndiyo. Kwa hiyo siwezi kuapa."

"Sikuambii uape, baba. Nakuuliza uliona nini."

Nilisema niliona buluu ya pili. Nilisema pia kwamba jana yake nilijiambia sikuiona. Alicheka kidogo puani, si kicheko cha furaha. Akachukua kibanio chake chembamba, akahamisha buluu kwenda chumba cha pili, zambarau moja cha tatu, zambarau nyingine cha nne. Akasimamisha kibanio hewani.

"Cha kwanza, cha pili na cha tano nitaviamini," alisema. "Hivi viwili ndivyo sijui kipi ni kipi."

Mia sita na mia sita hamsini. Katikati yenyewe. Palepale swali lake lilipokuwa limekaa.

Mama yake aliingia akijifuta povu mikononi. "Sasa shida iko wapi? Si utavipima? Kinachokumbuka vizuri utaandika ndicho hicho mia sita, au mia sita ngapi, vyovyote unavyoona."

"Mama, nikivipanga kwa namna ninavyotaka viwe, nitakuwa nimefanya alichofanya baba."

"Baba yako alifanya kwa ujinga."

"Ndiyo. Mimi nitakuwa nafanya kwa kujua."

Mama yake alitafakari hilo. Kisha akatugeukia wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akaweka mikono kiunoni.

"Hebu niwaulize, nyie wasomi na mafundi. Mwezi uliopita nimepeleka sufuria nne msibani. Zilikuwepo sufuria za mtaa mzima pale, zote nyeusi, zote sawa. Zangu zilirudi ngapi?"

"Nne," nilisema.

"Kwa nini?"

Kila mwanamke wa mtaa wetu anajua. Kabla sufuria haijatoka nyumbani kwenda msibani au harusini, inakwaruzwa alama chini, kwenye kitako. Msalaba, nukta tatu, mkia wa ng'ombe, kila nyumba na yake. Na anayezikwaruza ni mimi. Wananiletea karakana, nawakwaruzia bure, kwa msumari wa chuma. Sijui nimekwaruza sufuria ngapi.

"Sufuria zinawekewa alama," mama yake alisema. "Shahada mnaiacha wazi."

Binti aliinama. Nilidhani analia, kumbe alikuwa anacheka, na safari hii kicheko kilikuwa chake kweli. "Ni kweli," alisema. "Ningekwaruza mgongoni. Wenzangu kule wanakwaruza. Niliona nitafanya kesho yake, nikachoka." Halafu akanyooka, akaniambia bila kucheka: "Lakini ungesema jana, baba. Hilo ndilo limeniuma. Vipande ni vipande. Nilikuwa nakula mezani na wewe unajua."

Nilimwambia ni kweli.

Kuna alichoniambia mchana ule tukiwa karakana, amenifuata kuaga vitu vyake vya utotoni, na nataka kukiandika kwa sababu kinanipunguzia kosa, na mtu muungwana anaandika pia yanayompunguzia. Nilikuwa nimepasha ncha ya patasi ili nimwonyeshe ninachomaanisha. Rangi zilitembea. Majani makavu, chai, zambarau. Alisogea karibu mpaka joto likampiga usoni.

"Hii nayo ni unene, baba."

"Hii ni joto."

"Ni vyote viwili. Hewa inakula chuma, inaweka utando juu yake. Joto likizidi, utando unanenepa, rangi inabadilika. Kwenye chuma chako joto na unene vinakwenda pamoja, ndiyo maana mjomba wako hakukosea. Kwenye vipande vyangu vinaachana."

"Kwa hiyo nimekuwa nakuza tando."

"Miaka yote. Bila risasi pia."

Patasi ilipita zambarau nikiwa bado namsikiliza, ikafika buluu. Niliichovya kwa kuchelewa. Ililainika, ikabidi niirudie.

Jumapili alipanda basi. Alikibeba kiboksi mkononi, si kwenye begi. Jumatatu alimwandikia msimamizi wake, akamweleza yaliyotokea. Niliuliza kama alinitaja. Alisema aliandika kwamba vipande vilichanganyika nyumbani kwao, na kwamba mtu aliyekuwepo alikuwa na kumbukumbu ya maandishi. Nililifikiria neno hilo, "aliyekuwepo." Lilikuwa la huruma kuliko nilivyostahili, lakini si la uongo.

Alipima vyote vitano. Alinieleza kwenye simu, polepole, ili niandike. Cha kwanza hakikukumbuka chochote, chembe zimelala ovyo kama alivyotabiri. Cha pili kilikumbuka kidogo. Cha tano kilivuja, na uso wake ulikuwa umechimbika. Kati ya zile zambarau mbili, moja ilikumbuka vizuri kuliko alivyotarajia hata siku za matumaini yake. Nyingine ilikumbuka pia, lakini ilianza kuvuja.

"Basi ile nzuri ndiyo mia sita," nilisema. "Inayovuja ndiyo iliyokaribia mia saba."

"Inaelekea hivyo."

"Si uandike?"

"Inaelekea si sawa na najua, baba. Inawezekana hata ndani ya chombo kipande kimoja hakikubanwa vizuri, joto lake likawa si lile lililoandikwa. Mimi sijui. Wewe hujui."

Aliandika kwamba joto bora liko kati ya mia sita na mia sita hamsini, na kwamba hawezi kusema zaidi, na kwa nini hawezi. Walimu wake hawakumkatalia, lakini walimwambia kazi haijatimia. Ilibidi arudie viwili hivyo. Ile mashine ya mbali ina foleni. Wenzake walivaa majoho Novemba ile bila yeye. Alifundisha fizikia kwenye sekondari moja huku akisubiri, akawa anatutumia picha za wanafunzi wake wakishika nyaya, na kila picha nilikuwa naitazama nikihesabu miezi. Mke wangu alinikataza. Alisema hesabu haimrudishii mtu mwezi.

Kipindi hicho nilitengeneza kitu kimoja. Nilichukua kipande cha tupa kuukuu, nikakifua kikawa chembamba kama kalamu, nikakinoa, nikakipasha mpaka rangi ya majani makavu, mwanzo kabisa wa rangi, pale chuma kinapokuwa kigumu kuliko popote, nikakizima. Kilikuwa cha kukwaruzia. Nilikifunga kwenye gazeti. Nilifikiri atakichukua akienda, akwaruzie migongo ya vile vipande viwili. Alipopita nyumbani njiani kuelekea uwanja wa ndege, nilimpa. Alikuwa na kipande kimoja kitupu, kisicho na utando, akakijaribu palepale mezani. Ncha iliteleza. Akakaza, ikateleza tena, ikaacha mstari wa chuma unaofutika kwa kidole.

"Ni kigumu, baba. Ila hivi vipande navyo ni vigumu."

"Wenzako wanatumia nini?"

"Kalamu yenye ncha ya almasi."

"Ahaa."

"Usikasirike."

"Sijakasirika. Almasi sina."

Nilikirudisha kwenye gazeti. Kusema kweli niliumia kidogo, lakini alinijaribia mbele ya macho yangu badala ya kukipokea kwa heshima na kukitupa mbele ya safari, na mwisho wake niliona hiyo ndiyo heshima yenyewe. Labda najifariji.

Alirudi baada ya wiki saba. Siku hiyo daftari linasema: *Jumanne. Jua kali, upepo kutoka ziwani, vumbi. Binti amefika saa nane.* Aliponisalimia, "Shikamoo baba," nilikuwa nimekwisha kuitikia marahaba huku macho yako kwenye begi lake. Alikitoa kiboksi mwenyewe. Akavua vipande viwili kwa kibanio, akavigeuza tumbo chini kwenye karatasi laini. Mgongoni, kwenye kona, kimoja kilikuwa na mkwaruzo mmoja, kingine miwili.

"Safari hii alivipima kulekule," alisema mama yake, kama vile yeye ndiye alikuwa na habari kabla yangu, na alikuwa nazo kweli.

"Nilivipima kulekule kabla sijasafiri," binti alisema. "Mmoja ni mia sita. Miwili ni mia sita hamsini. Mia sita ndiyo nzuri. Mia sita hamsini inavuja."

Nilivisogelea vile vipande, nikavitazama.

"Kwa hiyo zile zambarau za mwanzo," nilisema, "ile nzuri ilikuwa mia sita kweli."

"Huenda."

"Na mimi Ijumaa ile kwenye mia sita niliweka zambarau moja. Nilikuwa nimeiweka ile nzuri, au ile nyingine?"

Alinitazama. Nadhani aliona nilichokuwa natafuta, na nadhani alitamani kunipa. "Hatujui, baba. Nilizihamisha Jumamosi bila kuweka alama. Hatutajua."

"Sawa," nilisema. Ilikuwa sawa.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sufuria kubwa mbili, ile ya pilau na ile ya maji. Kulikuwa na msiba nyumba ya tatu kutoka kwetu, na walikuwa wanakusanya vyombo. "Mkimaliza shahada," alisema, "hizi zinasubiri. Alama zimelika kwa kusuguliwa."

Nilileta kile chuma changu cha kukwaruzia, nilichokuwa nimekifunga kwenye gazeti. Binti alishika sufuria ya kwanza kifudifudi magotini, nami nikakwaruza alama ya nyumba yetu, mistari mitatu na nukta. Kwenye kitako cha sufuria ncha haikuteleza. Iliingia kama kisu kwenye kiazi, ikaacha mfereji mweupe. Nilimpa akwaruze ya pili mwenyewe. Nukta yake alikosea, ikakaa upande wa kushoto. Mama yake akasema iachwe hivyohivyo, ataitambua zaidi.

Sufuria zikaenda msibani. Kwa kuwa kubwa zote zilikuwa zimeondoka, tulipikia ile ndogo, kwa zamu: ugali kwanza, kisha perege wawili wa ziwani waliochemshwa na nyanya na kitunguu. Binti alikula kichwa cha samaki, kama alivyokuwa akifanya utotoni. Mimi nilikula mkia.